Shoti ya tangi si deni la muuza mafuta

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nisemee sisi tunaouza mafuta kwenye vituo vya barabara kuu.

Nimefanya kazi miaka 7 kwenye kituo kimoja hapa Uyole, si mbali na pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka. Zamu ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba unavaa makoti mawili, na bado vidole vinakataa kuhesabu noti. Asubuhi mnasoma mita ya pampu, msimamizi anazidisha lita kwa bei, unakabidhi hela. Ikipungua, hiyo ni shoti yako, unalipa. Hilo sikuwahi kulilalamikia. Hela ilikuwa mkononi mwangu, na kama nimemzidishia dereva chenji, kosa ni langu.

Kilichonichoma ni shoti ya tangi. Msimamizi akichovya fimbo kwenye tangi la chini ya ardhi akakuta lita hazilingani na karatasi za lori, upungufu tunagawana wahudumu wote. Sasa mafuta yanapakiwa Dar es Salaam kwenye joto, yanafika Uyole kwenye baridi yetu hii. Yakipoa, ujazo unapungua, na wenye vituo wanalijua hilo kuliko sisi. Mengine yanapotea kwa mvuke, na lori lenyewe limelala njiani. Mimi niliyeshika mkono wa pampu nahusikaje na yaliyotokea kabla lori halijapanda mlima Kitonga?

Mshahara wangu ulikuwa 200,000. Julai nilipokea 104,000: mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 20,000, shoti 76,000. Naandika hesabu hizi bila kubahatisha kwa sababu kila mwisho wa mwezi nilijaza daftari langu la shule, la kurasa 96, tarehe na kiasi nilichokatwa. Agosti wakaleta karatasi tusaini kwamba tunakubali kukatwa shoti yoyote itakayotokea. Nikakataa. Kesho yake nikapigiwa simu nisirudi, sare niipeleke. Barua sikupewa, wala sikuitwa kujieleza.

Nikakaa nyumbani nikisubiri, maana msimamizi alisema bosi akipoa tutaongea. Jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani, ndiye aliyeniuliza, "Mama, leo ni siku ya ngapi tangu wakuachishe?" Nikahesabu, ya 19. Akaniambia, "Basi zimebaki 11. Bosi apoe asipoe, kesho uende."

Ndugu zangu hawajui hesabu hiyo. Anayedai kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama haya ya makato, ni siku 60. Kufungua hakuna ada. Unajaza fomu, nakala unampelekea mwajiri, unarudi na uthibitisho kwamba ameipokea. Mwenzangu tuliyeachishwa naye alisubiri bosi apoe mpaka siku zikapita. Ikabidi kwanza aombe akubaliwe kuchelewa, atoe sababu za maana, kabla hata ya kusikilizwa amefukuzwaje.

Mimi nilienda, na kule CMA ndiko nilikosomewa sheria ya mwaka 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na nilitamani niisikie miaka 7 nyuma. Mwajiri hakati mshahara kufidia hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima amwandikie chanzo, kiasi na jinsi deni lilivyokokotolewa, na ampe nafasi ya kulipinga. Hata baada ya hayo yote, makato hayazidi robo ya mshahara. Robo yangu ilikuwa 50,000. Na kwenye kufukuzwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Mimi nilienda nikidhani natakiwa kuthibitisha kwamba si mwizi.

Tulimalizana kwenye usuluhishi. Nililipwa notisi, kiinua mgongo, fidia tuliyokubaliana, makato ya karibuni, na nikapewa cheti cha utumishi. Kurasa nyingine zote za daftari langu zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Hizo zinaniuma mpaka leo. Humo mna ada ya mtoto na mbolea ya shamba la mama yangu.

Ombi langu kwa maofisa kazi ni moja. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi tangazo la haki za mfanyakazi. Kwenye ofisi yetu kulikuwa na kalenda, bei za mafuta, "Usivute sigara" na picha ya bosi. Tangazo hilo sikuliona siku hata moja. Tafadhalini shukeni kwenye vituo, kuanzia Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka Tunduma, muulize karatasi hiyo iko ukuta gani. Na mkishaiona, mwombeni mhudumu wa zamu awaoneshe alichokatwa mwezi uliopita.

Mama wa watoto wawili,
Uyole, Mbeya