Setilaiti za kupima dunia zisiachiwe soko

Mhariri,

Kila bajeti ya anga za juu inapotangazwa, huzuka hoja ileile: kazi hii waachiwe wenye kampuni. Hoja hiyo ilishajaribiwa, na ilikofikia kunajulikana.

Mwaka 1972 Marekani ilirusha Landsat ya kwanza, setilaiti ya kupiga picha za nchi kavu. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kuukabidhi mradi kwa sekta binafsi. Bei ya picha moja ikapanda kutoka dola mia kadhaa hadi 4,000 na ushei. Watafiti wakaacha kununua, na mbaya zaidi, maeneo mengi yasiyo na wateja hayakupigwa picha. Pengo hilo halizibiki, maana msitu wa 1988 huwezi kuupiga picha leo. Mwaka 1992 sheria nyingine ikaurudisha mradi serikalini.

Picha moja peke yake haina thamani kubwa. Pikseli ya Landsat, yaani nukta moja ya picha, hufunika mita 30 kwa 30 za ardhi. Anayetaka kujua kama msitu unapungua hulinganisha pikseli ileile ya sasa na ya miaka 20 nyuma, msimu uleule, akitupa zenye mawingu. Ndiyo maana setilaiti mpya lazima ipimwe sambamba na ya zamani, zote zikiwa hai angani. Ya zamani ikizimika mapema, hutajua kilichobadilika ni msitu au ni kamera.

Nusura mnyororo huo wa setilaiti zinazorithiana ukatike mwaka 1993: bomba la mafuta la Landsat 6 lilipasuka, nayo haikufika kwenye obiti. Pengo lilifunikwa na Landsat 5, iliyorushwa 1984 ikitarajiwa kudumu miaka 3, ikafanya kazi hadi 2013. Ile ilikuwa bahati tu.

Tangu 2008 picha hizo ni bure, na hupakuliwa kwa mamilioni. Mfanyabiashara gani angekubali hesabu hiyo? Gharama ingekuwa yake, faida ikaenda kwa mkulima, mpima ardhi, kampuni ya bima na mtabiri wa ukame.

Safari za wanadamu Mwezini zina siasa na sifa tele, na wanaozihoji wana haki. Ila wasichanganye mafungu. Mbunge anayetaka kubana bajeti ya anga aulize kwanza: setilaiti itakayorithi iliyopo imetengewa fedha, na itapanda lini?

Wako,
Mchambuzi wa picha za setilaiti