Shoga, simu za watu ziacheni zichajiwe

Morogoro

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo? Wanao hawajambo? Mguu wa mama mkwe unaendeleaje? Huku wote wazima. Bi Mkubwa anakusalimu, anasema korosho zilifika na ameshazificha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Yaani wapangaji wamekaa kikao kizima, kikao chenye mwenyekiti, wakaamua kwamba simu zichajiwe usiku tu, na mwenye simu mbili aongeze shilingi 500 kwenye mchango wa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla? Halafu wewe ndiye umekabidhiwa rimoti ya kuingizia tokeni na daftari? Pole, na hongera pia. Kwenye nyumba ya kupanga, anayekaa na rimoti ya LUKU anaheshimika kuliko mjumbe wa mtaa. Mita ikianza kulia, hata asiyekusalimia asubuhi atakuita dada.

Ila huo uamuzi wa simu, shoga, ufute. Betri ya simu ya kawaida siku hizi ni mAh 5,000. Kuijaza kutoka sifuri mpaka pomoni, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, ni kama wati-saa 25. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Maana yake uniti moja inachaji simu mara 40! Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, chaji moja haifiki hata shilingi 9. Huyo wa simu mbili mnayetaka kumtoza 500, achaji hiyo ya pili kila siku mwezi mzima, itakuwa imetumia robo tatu ya uniti, haifiki hata shilingi 270. Mnamwonea.

Watu hugombana kwa kile wanachokiona au wanachokisikia. Taa ikiwaka mchana inaonekana, basi makelele. Sabufa ya kijana wa chumba cha nne inasikika mpaka kituoni, basi yeye ndiye mwizi wa umeme. Kumbe sabufa ndogo ya chumbani ikipigwa kwa sauti ya kawaida inakula chini ya wati 50. Taa ya LED ya wati 9 inawaka saa 111 ndiyo uniti moja iishe. Feni ya wati 60 usiku mzima wa saa nane haifiki nusu uniti. Mla umeme mkubwa hana kelele hata kidogo: ni kila kitu kinachotoa moto. Pasi, hita ya maji, jagi la umeme, jiko la koili. Hivyo ndivyo vya kuandikwa kwenye daftari lako.

Chukua hita. Ndoo ya lita 20 ikichemshwa mpaka itokote inameza karibu uniti 1.75, zaidi ya shilingi 600. Nani anaoga maji yanayotokota? Maji ya kuogea mtu mmoja, lita 15 zenye uvuguvugu wa nyuzi 40, yanahitaji robo uniti tu, kama shilingi 93. Hasara inatokana na ule mtindo wa kuchomeka hita, kwenda kupiga soga koridoni, na kurudi mvuke umejaa chumba kizima, kisha nusu ya maji inaachwa ipoe. Mwambie mama mwenye mtoto mchanga apime maji kwanza ndiyo achomeke. Na asitie mkono kwenye ndoo kuonja kama yamepata moto kabla hajachomoa hita ukutani. Hilo mwambie kwa ukali.

Pasi ya wati 1,000 nayo ina tabia yake. Ile safari ya kwanza ya kupata moto inakula bila nguo hata moja kunyooshwa. Anayepiga pasi shati moja kila asubuhi anailipia safari hiyo mara sita kwa wiki, na anayenyoosha sare zote Jumapili jioni anailipia mara moja. Aanze na vitambaa laini pasi ikiwa bado vuguvugu, amalizie na hariri na nailoni akishachomoa, moto uliobaki unatosha. Hita na pasi msivichomeke kwenye ekstensheni moja: vikiwaka pamoja vinaweza kupita wati 2,500, na hizi ekstensheni za waya mwembamba huanza kunuka plastiki mapema sana.

Sasa hiyo friji ya barafu za ukwaju. Umeitaja kwa haraka ukarudi kwenye simu, lakini hapo ndipo penyewe. Friji ya wati 100 ikifanya kazi nusu ya muda inakula uniti 1.2 kwa siku, uniti 36 kwa mwezi. Hiyo ni friji nzima, inayofunguliwa mara chache. Ya biashara inafunguliwa kila mtoto akigonga mlango na shilingi 100 mkononi, na inajazwa maji yenye joto la Dar kila jioni. Mwenyewe anafanya kazi halali, msimfukuze. Aangalie mpira wa mlango: abane noti kati ya mpira na mwili wa friji, noti ikitoka bila kuvutana, mpira umechoka na baridi inavuja. Aisogeze kutoka ukutani ipumue nyuma. Halafu, hili ndilo ninalolisisitiza, friji hiyo iwekewe mita yake ndogo.

Kama uwezo wa kuweka mita nne ndogo, moja kwa kila chumba, haupo, anzeni na moja hiyo hiyo ya friji. Mwenye barafu alipe kinachosomeka, kilichobaki mgawane. Nusu ya ugomvi wenu itaisha hapo.

Mkipata uwezo, fundi aweke nne. Zinakaa baada ya mita ya LUKU na meini swichi, upande wa ndani. Ile ya LUKU yenyewe haiguswi, na lakiri yake isikatwe kwa sababu yoyote. Laini ya kila chumba ipite kwenye mita yake. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu: nyumba nyingi za vyumba zilivutwa waya kama nyumba ya familia moja, kwa hiyo utakuta taa ya chumba cha tatu inakula kwenye mita ya chumba cha pili, na soketi ya koridoni inatokea kwa mtu. Kabla ya kumlipa, zimeni chumba kimoja kimoja pale kwenye swichi zake, mpite mkiangalia kipi kimezimika na kipi kinawaka. Waya wa soketi uwe milimita za mraba 2.5, wa taa 1.5. Yule fundi wetu wa Temeke anaijua kazi hii, ila msimamie, anapenda kumaliza kabla ya saa saba.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mmenunua ya shilingi 10,000, mkapata uniti 28. Jumapili jioni zimebaki 4, basi mmetumia 24. Mita ndogo zinasoma 9, 3, 5 na 4, jumla 21. Hizo 3 zilizopungua ni za wote: taa ya geti, ya choo na ya koridoni. Gawa kwa nne, kila chumba kinaongezewa 0.75. Mwenye 9 analipia 9.75 kwa shilingi 357 (ile 10,000 ukiigawa kwa 28), sawa na 3,481. Mwenye 3 analipia 1,339. Someni mita siku ileile, saa ileile, watu wawili wakiwepo, na uandike kwa kalamu ya wino.

Yule anayelalamika kwamba umeme "umepanda" kila tarehe mosi, mweleze taratibu. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, utaratibu ulioanza 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya kugawana kwa uniti. Iandike pembeni na risiti, mkae naye muipunguze kwenye pango.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya hayo yote. Kwa viwango vilivyowekwa 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya VAT, tozo ya REA ya umeme vijijini na ya EWURA, wadhibiti wa nishati, ni 122. Akizidi 75, kila ya ziada ni 350 kabla ya hizo tozo. Nyumba ya kawaida ni 292, ambayo na tozo ndiyo hiyo 356. Sasa wekeni vyumba vinne vinavyotumia uniti 25 kila kimoja. Kila chumba kingekuwa na LUKU yake kwenye daraja la chini, kingelipa shilingi 3,050. Mkiwa kwenye mita moja mnafika 100, mnahesabiwa kama nyumba kubwa moja, na kila chumba kinalipa 8,900. Watu wanne wenye taa na feni tu wanalipa kama mwenye jumba! Mita ndogo zinaleta haki kati yenu, lakini bei haishuki. Kwa bei, lazima mwenye nyumba akubali kila chumba kiombewe mita yake. Nenda naye kwa hesabu hiyo mkononi, si kwa kulalamika.

Kabla hujafanya lolote, jaribu hili usiku mmoja. Kila mtu azime na kuchomoa vyake, friji pia. Simama mbele ya mita ukitazame kile kitaa chekundu. Usoni pameandikwa mara ngapi kinapepesa kwa uniti moja, 1000 au 1600. Kikiwa cha 1000, pasi moja ikiwaka kinapepesa kama mara 17 kwa dakika. Vitu vyote vikiwa vimezimwa, kinatakiwa kitulie. Kikiendelea kupepesa, kuna waya unavuja au kuna mtu mmechangia naye bila kujua, na hapo mwite fundi siku hiyohiyo.

Nijibu haya yote, usiruke hata moja: mita imeandikwa 1000 au 1600? Kodi ya jengo inakatwa kwenye mita yenu, au mwenye nyumba ana mita nyingine nyuma? Taa ya geti inawashwa na swichi ya nani? Huyo wa chumba cha kwanza anatumia jiko la koili kweli, au ni maneno ya majirani? Mpira wa friji ukoje? Na mwenyekiti wenu wa kikao, yeye ana simu ngapi?

Wasalimie wote, na mama mkwe mpe pole ya mguu.

Ni mimi shoga yako