Barua kwa Somoe: majengo mapya ya Mlimani na kitanda cha Zuhura

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Somoe,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na korosho zimefika salama; watoto wamezimaliza hata sijazionja. Nimefurahi mno kusikia Zuhura kafaulu, na kwamba moyo wake uko kwenye uhandisi. Mwambie mama yake mdogo kampigia vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Umeniuliza Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pakoje siku hizi, na kile kiwanja chenu cha jirani na kampasi mpya ya chuo hicho huko Lindi mkifanye nini. Nakujibu yote mawili kwa mpigo, maana kwangu ni jambo moja.

Tangu nianze masomo ya jioni napita pale karibu kila siku baada ya kazi. Somoe, pamebadilika. Sehemu tulizozoea kupita kwa njia ya mkato kwenye nyasi sasa zina uzio wa mabati, na nyuma yake nguzo za zege zimesimama na nondo zimechomoza juu. Juzi nimetoka darasani saa mbili usiku, taa kubwa zinawaka, mashine inazunguka, mafundi wanapokezana ndoo. Zege halilali. Mama lishe mmoja alikuwa bado pale nje na sufuria lake la wali, akisubiri wamalize ndipo wale.

Fedha za kazi nyingi kati ya hizi ni za ule mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliogawiwa vyuo vya nchi nzima. Kampasi yenu ya Lindi imo humo humo, na ya Bukoba pia. Kwa hiyo ukisikia tingatinga linanguruma huko kwenu, ujue na huku lipo jingine.

Jengo ninalolipenda kuliko yote ni maktaba mpya. Ilijengwa kwa msaada wa Serikali ya China, ikafunguliwa Novemba 2018. Wanaingia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na rafu zake zimekusudiwa kubeba vitabu 800,000. Aliyewahi kuzunguka na begi mgongoni siku za mitihani, akitafuta mahali pa kukaa tu, ndiye anayeijua thamani ya kiti kile. Mimi hukaa dirishani nikasoma mpaka macho yanauma, na sijasikia mtu akinisukuma.

Lakini na majengo ya zamani yana lake la kutufundisha, na ninatamani wachoraji wa sasa wangeyatembelea kwa utulivu. Chuo kilianza 1961 kule mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kikahamia Mlimani 1964. Waliojenga pale wakati ule walilijua joto la Dar. Ingia Ukumbi wa Nkrumah mchana wa Februari, ule uliokuwa nyuma ya noti ya 500, uone upepo unavyokatiza toka upande huu hadi ule. Zile njia zenye paa zinazounganisha majengo, masika inanyesha na wewe unatoka jengo moja kwenda jingine huku daftari lako ni kavu. Ukuta wa kioo ni mzuri kwenye picha, ila humo ndani pasipo kiyoyozi hapakaliki, na siku umeme ukikatika darasa linahamia chini ya mti. Vimbweta, zile meza na viti vya zege vya kusomea nje, namshukuru Mungu, bado vipo. Jioni vimejaa watoto wamezunguka karatasi moja, mmoja anaeleza, wengine wanabishana, kama sisi.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Madarasa yanajengwa kwa kasi, lakini mtoto hasomi kwa darasa peke yake. Anasoma kwa pale anapolala. Binti wa jirani yangu yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa jijini. Mwaka wa kwanza alikosa chumba, akabebwa na mwenzake: kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Nguo zake ziliishi kwenye begi chini ya kitanda muhula mzima. Nilikwenda kumsalimia nikakuta amekaa ngazini anasoma kwa taa ya simu, kwa sababu chumbani walikuwa saba na wenye chumba walitaka kulala. Mwaka huu amepanga mbali, anapanda daladala mbili. Anaamka saa kumi usiku. Unadhani huyo akifika darasani, hata liwe na viti vya dhahabu, atasikia nini?

Ndiyo maana nilifurahi kuliko wengi yalipofunguliwa yale mabweni ya Magufuli ya pale Mlimani, Aprili 2017. Majengo 20, wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Lilifanyika haraka kwa sababu mwenye kauli aliamua kwamba kitanda ni sehemu ya elimu. Nataka uamuzi wa namna hiyo uambatane na kila msingi wa darasa unaochimbwa, hapa na huko kwenu.

Kwa Zuhura, basi: siku dirisha la maombi ya malazi likifunguliwa, aombe siku ile ile, asingoje kufika Dar. Akikosa, asikubali chumba kwa picha za dalali. Nitakwenda mwenyewe Changanyikeni na Msewe, mitaa ya jirani na chuo, nikakague: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, choo ni cha wangapi, geti linafungwa saa ngapi, njia ya kutoka kituoni ina taa au giza. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja, kwa hiyo wewe na Baba Zuhura muanze kuweka akiba sasa, msisubiri bumu la mtoto, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Bumu lina mambo yake. Na wiki za mwanzo atakaa kwangu, hilo halina mjadala.

Na kiwanja? Msikiuze. Najua madalali wameshaanza kuwazungukia, na bei wanayotaja itawatia tamaa. Jengeni vyumba vya wanafunzi, hata vinne kwa kuanzia. Lakini Somoe, nakuomba kwa udugu wetu, msijenge kama walivyojenga baadhi ya watu huku, vyumba kumi vimebanana, kidirisha kama cha stoo, choo kimoja nyuma. Wekeni madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, baraza pana la kusomea, tangi la maji, na meza ndani ya kila chumba. Miembe iliyopo iacheni. Fundi atakwambia inakula nafasi. Mwambie ndiyo, na ibaki hivyo hivyo.

Tena kabla ya hayo, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize kampasi imepanga mabweni ya wanafunzi wangapi, na barabara na bomba la maji vitapita wapi. Muulize kwenye mkutano wa hadhara, watu wasikie. Mji wenu utapokea watoto wa watu kutoka Kigoma na Tarime, nao watahitaji pa kulala usiku wa kwanza tu wakifika.

Nitumie vipimo vya kiwanja na picha kwa simu. Shemeji yako ana rafiki mchoraji wa ramani, mtu mwaminifu, hatawatoza bei ya mjini. Na nijulishe Zuhura amechagua tawi gani la uhandisi, umeme au ujenzi, maana kila mtu hapa nyumbani ameshabashiri lake.

Nisalimie Baba Zuhura na bibi.

Wako akupendaye,
Rehema