Wapeni watoto gololi, sio kukariri tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mwanangu yuko kidato cha pili, kanuni za mwendo anazitaja zote bila kukosea, ila nilipomuuliza gololi ikishuka mteremko inaongeza spidi au inaenda vilevile akabaki ananiangalia tu. Basi jumapili tukachukua ubao wa mita 2, upande mmoja tukainua na madaftari kama sentimita 6 hivi, gololi tukaiachia, mimi nahesabu sekunde kwa simu yeye anaweka alama za chaki. Sekunde ya kwanza karibu sentimita 10, ya pili imefika 40, ya tatu 90! Akarudia weee, mikono imejaa chaki, halafu akasema mwenyewe "kumbe muda ukiwa mara mbili umbali unakuwa mara nne". Hicho ndo mwanasayansi Galileo alikiona kule Italia zaidi ya miaka 400 iliyopita, tena muda alipimia kwa maji yanayotiririka. Sasa walimu wetu jamani, ubao na gololi havitaki maabara wala kusubiri bajeti, naomba hata kipindi kimoja kwa wiki watoto washike wenyewe.

Mzazi, Morogoro