Wachapishaji watuandalie vitabu vya Kiswahili vinavyosomeka kwenye kifaa chochote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaosikika siku hizi miongoni mwa walimu na wazazi, iwapo mpenda vitabu anunue kifaa maalumu cha kusomea, yaani kisomeo, mfano wa Kindle au Kobo, au atosheke na simu na kompyuta aliyonayo.

Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi na ninasoma kwa njia zote hizo. Kwa riwaya ndefu sisiti kusema kwamba kisomeo kina ubora ambao simu haijaufikia. Ndani ya kioo chake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha mpaka herufi zitokeze, na zikishatulia hazihitaji umeme tena hadi msomaji afungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji yake hudumu kwa wiki kadhaa, jambo lenye uzito kwa mwanafunzi wa kijijini anayelipia kuchaji simu dukani, na ndiyo maana ukurasa wake husomeka vizuri hata kwenye jua la saa saba mchana. Tena hakuna ujumbe wa WhatsApp unaomkatiza msomaji katikati ya sura.

Hata hivyo, simlaumu anayesomea kwenye simu, kwa kuwa simu anayo tayari na kisomeo ni gharama nyingine. Shirika la Worldreader, lililoanza mwaka 2010 kwa kupeleka visomeo katika shule za Ghana, nalo baadaye lilijielekeza kwenye usomaji wa simu. Kompyuta, kwa upande wake, haina mshindani panapohitajika ramani na michoro ya rangi.

Kinachoniuma ni kwamba vitabu vingi vya Kiswahili vinavyopatikana mtandaoni hutolewa kama PDF, yaani ukurasa uliopangwa kwa ajili ya karatasi na usiobadilika. Kwenye simu, msomaji hulazimika kuukuza na kuuvuta kushoto na kulia kwa kila mstari, na kwenye kisomeo cha inchi 6 hali si nafuu. Baya zaidi ni pale kurasa zinapokuwa picha tupu zilizopigwa kutoka kitabu cha karatasi, kwa sababu humo huwezi kutafuta neno wala kulinakili. Faili la EPUB, kinyume chake, hupanga maneno upya kulingana na upana wa kioo, na mzee mwenye macho dhaifu hukuza herufi apendavyo bila kupoteza mstari.

Ushairi, hata hivyo, unataka uangalifu wake. Mshororo wa tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, wenye ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (kipande cha pili), kila kipande kikiwa na mizani, yaani silabi, nane, hukatika ovyo herufi zinapokuzwa, na kina cha kati hujikuta mahali pasipo pake. Dawa ipo: anayeandaa faili aelekeze kwamba mshororo ukikosa nafasi ukatwe mwishoni mwa ukwapi, na utao uanze chini yake. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa programu ya kugeuza mafaili. Inahitaji mtu anayejua bahari za ushairi wetu.

Nawasihi pia wachapishaji watuuzie faili lenyewe, tulihifadhi popote tutakapo. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon, yenye Kindle, ilifuta kwa mbali vitabu vilivyokwisha kununuliwa na wateja wake, na ingawa iliomba radhi na kurudisha fedha, kitabu kilichomo nyumbani mwa mtu hakipaswi kuondoka bila idhini yake.

Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, nami naipongeza kwa dhati. Sasa iongeze nakala za EPUB kando ya hizo zilizopo. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo inunue visomeo vichache kwa kila maktaba ya mkoa, viazimwe kama vitabu vingine. Kwa visomeo hivyo, Bodi ianze na riwaya na hadithi fupi, ambazo hazina michoro mingi na ambazo wachapishaji tayari wana mafaili yake ya kompyuta, kisha diwani za mashairi zifuate zikishapitiwa na wajuzi mshororo kwa mshororo.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro