Hiyo mashine msiipeleke kwa wauza skrepa

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi nimepita chuo kimoja hapa Dar nikakuta HP 8112A imetupwa stoo na vumbi lake, eti ya kizamani, jamani! Kwa wasioijua, ni mashine ya kutoa mapigo ya umeme ya kupimia saketi, inafika megahezi 50 yaani pigo moja kila nanosekunde 20, na unapanga mwenyewe pigo liwe refu kiasi gani, lichelewe kiasi gani, lipande haraka au taratibu. Utamu wenyewe uko nyuma, kuna soketi ya HP-IB, yaani njia ya kuunga vifaa vya kupimia na kompyuta, ile iliyokuja kuwa standadi ya IEEE 488 mwaka 1975, unaunga vifaa kwa nyaya kimoja hadi kingine, hadi 15 ukihesabu na kompyuta, unaandika programu fupi halafu mashine inabadilisha mapigo yenyewe na osiloskopu, ile ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, inapima huku we unakunywa chai. Sisi tulikuwa tunazungusha vinobu kwa mkono mpaka usiku. Adapta za USB za kuiunga na laptop zipo, basi wawape wanafunzi waichezee kabla mtu hajang'oa transfoma yake.

Fundi wa zamani, Dar es Salaam