Barua kutoka Utrecht: Maji ya Darajani

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na Bi Mkubwa na jamaa wote wa Kikwajuni huko kwetu Unguja. Sisi huku hatujambo, ila baridi.

Uliniarifu kwamba sheha amewaomba wazee wa mtaa mtoe maoni juu ya mipango ya mji. Nakuomba usiache kwenda. Kitovu cha mji huu wa Utrecht, hapa Uholanzi, kimezungukwa na mfereji uliochimbwa karne ya 12 kwa ajili ya ulinzi, lakini miaka ya 1970 wakubwa wa mji, walioamini kuwa gari ndiyo maendeleo, walikausha sehemu yake iitwayo Catharijnesingel wakapitisha barabara kuu humo humo. Mwaka 2002 wakaazi waliitwa kupiga kura ya maoni, wakachagua mpango wa kuyarudisha maji, na mwaka 2020 mfereji ukaungana tena. Leo watu wanapiga makasia palipokuwa pakipita magari.

Kila nipitapo hapo huikumbuka Darajani ya kwetu, ambako daraja limebaki jina tu. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa kidogo kidogo, na wataalamu wakaja kila mmoja na ramani yake ya mji: Mwingereza Lanchester mwaka 1923, Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, Wachina mwaka 1982. Wajerumani walituachia majumba ya ghorofa ya Michenzani, huko Ng'ambo, ambayo wengi huyabeza. Mimi nayaheshimu, kwa kuwa angalau walimfikiria mtu wa Ng'ambo. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilhali Ng'ambo, wanakoishi watu wengi zaidi, ilihesabiwa kwa muda mrefu kama mahali pasipo historia.

Sisemi Darajani ichimbuliwe. Wafanyabiashara wa pale wangenilaani, na wangekuwa na haki. Ninalotaka ni kwamba, kabla ya kuchora barabara na maghorofa mapya, ramani ioneshe maji yalikuwa yakipita wapi, visima vilikuwa wapi na viwanja vipi viliachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu mvua ya masika ikikutana na bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, mtaro uliojengwa bila kujua hayo hautoshi. Mambo hayo mnayajua nyinyi, wala hayamo katika kompyuta ya mtaalamu yeyote.

Tafadhali mchukue na Bi Mkubwa. Vikao vya namna hii husahau kuwauliza wanawake, nao ndio waliokuwa wakiteka maji.

Wasalaam,
Mwanao